Mkaguzi na Kijumba cha Baba Mkwe

Kazini walimwita Bwana Vunja. Mkaguzi wa majengo yule hakuwa na simile: akiona nguzo yenye walakini anatoa kopo lake la rangi nyekundu, anachora X ukutani, na mwenye ghorofa alie mpaka sauti imkauke, X haifutiki. Ungedhani mtu wa namna hiyo haogopi kitu. Lakini ungemwona Jumamosi ile, kwenye ua wa nyuma wa nyumba yake mwenyewe, kanywea kama kamwagiwa maji.

Baba mkwe wake alikuwa amewajengea wajukuu kijumba cha kuchezea. Mzee alikuwa fundi wa makabati kwa miaka arobaini, na kwenye makabati hakuwa na mpinzani. Tangu afiwe na mkewe alikuwa akishinda kitandani akitazama ukuta. Sasa wiki tatu mfululizo alikuwa akipiga randa na mluzi juu yake. Kijumba kilikaa juu ya nguzo nne, kirefu kuliko mtu mzima, kina madirisha, kina hata droo ya wanasesere. Kilipendeza, si utani.

Tatizo ni kwamba mzee alikuwa ametengeneza kabati. Viungo vyote vilikuwa gundi, ile ya vyombo vya ndani, na vijimisumari vyembamba. Bolti hata moja hakuna. Nguzo zimefukiwa kwenye udongo mtupu, na mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Mkaguzi alibonyeza kiungo cha boriti kwa kidole gumba, gundi ikatoka laini kama sabuni iliyolowa.

Alimfuata mkewe jikoni.

"Mama watoto, kile kitu kitaanguka."

"Basi mwambie."

"Ni baba yako."

"Ndiyo maana siwezi. Jana kala sahani nzima, kacheka. Leo nimwambie kazi yake imeharibika?" Sauti ilimkatika, akageukia sinki.

Mkaguzi akarudi uani, kajikaza kiume.

"Baba, nilikuwa nawaza tuongeze bolti chache pale chini."

Mzee alicheka. "Bolti! Mwanangu, kabati nililomtengenezea mama mkwe wako tulipooana, mpaka leo mlango wake haulii. Lakini si wewe ndiye mkaguzi? Haya, kagua. Nataka nisikie kwa mdomo wako."

Alisubiri, kitambaa cha kufutia mbao mkononi. Bwana Vunja, ambaye husema "Vunja!" mara kumi kwa siku, akaipapasa nguzo.

"Kiko imara, Baba."

Mzee akamshika bega, machozi yakimlengalenga. Mkaguzi alijichukia papo hapo.

Mtoto wake wa kiume alikwisha kupanda mbio, sakafu ikayumba, babu akapiga makofi. Mdogo wake, binti wa miaka minne, aligoma. Alikuwa ameng'ang'ania suruali ya baba yake.

"Baba, kweli hakianguki?"

Babu alikuwa anawatazama, anatabasamu.

"Hakianguki, mama. Panda."

Kwa binti yule, baba akisema limekwisha. Akaiachia suruali, akapanda ngazi moja moja. Baba yake akaingia chini ya kijumba, akaishika boriti kwa mikono miwili, akasikia uzito wa mwanawe ukipita juu ya viganja vyake.