Mlango wa Mafundi

Kiti kilikuwa kimoja. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya magodoro, hakina dirisha, na vumbi la sponji lilikaba koo tangu asubuhi. Wiki ya tatu sasa mafundi wawili walipokezana kiti hicho mbele ya kompyuta moja, mmoja akiandika, mwingine kasimama nyuma yake. Tajiri mwenye duka aliwaambia siku ya kwanza, "Ajira ni moja. Nifungulieni duka mtandaoni, atakayenifurahisha ndiye atakayebaki." Kwa sasa aliwapa nauli na chai.

Mpagazi aliyeingia kuchukua godoro aliwatazama akacheka. "Vita vya panzi hivyo. Sisi tulianza sita." Alikuwa peke yake chini ya ule mzigo.

Mmoja wao, waliyemwita Fundi, alikuwa mtu mzima. Mkewe alikuwa amerudi kwao, na baba mkwe hakumung'unya maneno: "Binti yangu atakuja kwako ukiwa na kazi. Kibarua si kazi." Ajira ile ndiyo iliyokuwa njia ya kumrudisha mkewe nyumbani, hakuwa na nyingine.

Mwenzake alikuwa msichana waliyempa jina la Chapchap kwa wepesi wa vidole vyake. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo lilimuuma Fundi zaidi. Angekuwa na kiburi, kumchukia kungekuwa rahisi. Lakini alimwita kaka, na zamu yake ikiisha aliinuka bila kuambiwa.

Siku hiyo Fundi alihangaika na programu ya seva, ile inayopokea wateja na kuwaonyesha kurasa za duka. Alikwisha kuiweka kwenye mfumo wa Linux vizuri, lakini kila akiiwasha, inakataa. Chapchap akainama begani kwake.

"Kaka, kuna programu nyingine imeshakalia nafasi yake. Izime hiyo kwanza."

Akaizima. Duka likafunguka, magodoro yakatokea kwenye skrini na bei zake. Tajiri alikuwa kasimama mlangoni.

"Huyu binti ana kichwa," alisema, akaagiza soda. Ililetwa chupa moja, akapewa Chapchap. Yeye akammiminia Fundi nusu kwenye kikombe cha chai. Fundi akainywa na ikampanda puani. Alimwonea wivu kwa kila kitu: kichwa chake, umri wake, hata huo moyo wa kugawa.

Chapchap alipotoka kwenda kunawa, Fundi akakaa. Seva yenyewe, kompyuta iliyobeba duka, ilikuwa ya kukodi, iko mbali, nao waliingia humo kwa mlango wa mafundi, kila mtu na ufunguo wake. Kilichobaki ni ukuta wa ulinzi, ule unaoamua nani apite na nani azuiwe. Aliiacha wazi milango ya wateja. Wa mafundi angeufunga, kisha ajifungulie yeye peke yake. Kwa chuki akasahau kwamba naye kaingia kwa mlango huohuo. Akabonyeza. Skrini ikaganda. Akajaribu kuingia upya, hakuna kilichojibu.

"Mbona umelowa jasho, kaka?" Chapchap aliuliza aliporudi.

"Sijui umegusa nini hapa. Hapaingiliki."

Chapchap alijaribu mara kadhaa, uso ukamsawijika. Asubuhi kweli aliugusa ule ukuta. "Labda nimekosea mimi," alisema taratibu.

Tajiri aliitwa. "Duka limefungwa?"

"Hapana, bosi," alisema Chapchap. "Linauza. Sisi ndio hatuwezi kuingia ndani."

Tajiri alifungua duka kwenye simu yake. Lilifunguka mara moja, na oda ya kwanza ilishaingia.

"Sasa mnataka kuingia kufanya nini?"

"Kulitunza, bosi," alisema Fundi. "Siku likiharibika..."

"Siku hiyo nitamtafuta mtu."

"Ni huyu, bosi. Ni huyu aliyefunga."

"Sijauliza nani." Tajiri bado alikuwa anatazama simu. "Kazi imeisha. Chukueni mabegi yenu."

"Na ile ajira?"

"Ajira ya kufanya nini?"

Hakupaza sauti. Alimwita mpagazi aje atoe godoro la oda ya kwanza, na mpagazi akapita katikati yao akiomba njia.

Nje ya geti Chapchap alisimama akifuta macho kwa kiganja. "Nimekuponza, kaka. Una familia, na mimi nimekuharibia. Nisamehe."

Fundi alifungua mdomo. Aliuona wazi ukweli aliotakiwa kuusema. Kisha akamfikiria Chapchap akienda kuomba kazi duka jingine, na kule pia watu wakisema ana kichwa.

"Yamekwisha, mdogo wangu," alisema. "Nimekusamehe. Ila siku nyingine uwe mwangalifu."

Chapchap akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili, akamshukuru.