Zamu ya Fidencio

Nereida alimwambia mumewe tangu wakiwa Los Angeles: twende milimani tumwone mama yako, tule, tucheze, turudi, ila tusikutwe kijijini Yaneri siku ya mkutano. Fidencio akacheka. Mkutano wa Yaneri huja baada ya sikukuu, alisema, na wao watakuwa wameshateremka. Mwanamume akishapanga likizo yake kichwani hasikii la mtu.

Asubuhi ya kuondoka wakakuta mnyororo umefungwa barabarani, kwenye kona ya mwisho ya kijiji. Mkutano ulikuwa umewahishwa kwa siku moja. Aliyelinda mnyororo ni Abundio, binamu yake Fidencio, na uso wake ulionyesha kabisa kwamba anaifurahia kazi.

"Haa, Mmarekani! Unatoroka hata kahawa hujanywa?"

"Abu, fungua bwana. Tuna ndege kesho."

"Ndege itakungoja. Wanaume wote ukumbini. Au huko walishakubadilisha, tukupeleke jikoni?"

Fidencio alicheka kwa kujikaza, akashuka garini. Nereida hakucheka. Alijua vizuri kinachomngoja mumewe. Kila mwanamume wa Yaneri huitumikia Yaneri mwaka mzima bila malipo, kwa zamu inayogawiwa mkutanoni, akianzia utopili, yaani umgambo wa kijiji: kulinda ukumbi, kupeleka ujumbe, kuzibua chemchemi. Fidencio aliondoka kijana mdogo bila kutumikia hata siku moja. Akikataa, nyumba ya mama yake itakatiwa maji, na siku mama huyo akifa hakuna atakayeshika jembe kumchimbia kaburi. Akikubali, kibali chake cha kuishi Marekani, walichokihangaikia mpaka akaota mvi, kitaharibika, maana mwenye kibali hicho hakai nje mwaka mzima. Na binti yao Yaretzi anaanza chuo. Kwa mshahara wa Nereida wa kutandika vitanda vya hoteli wangefika wapi?

Wakarudi nyumbani kwa mama mkwe, Doña Eutimia, wakakaa jikoni kungoja. Yaretzi alikuwa anatafuna kucha.

"Mama, watamfunga Baba?"

"Afadhali wangemfunga. Angetoka."

Juu ya paa la ukumbi kulikuwa na kipaza sauti, na kila neno la mkutano lilimwagika juu ya mabati ya kijiji kizima, kwa Kizapoteko. Nereida ni mzaliwa wa mjini Puebla. Katika lugha hiyo alijua kusalimu na kufukuza kuku, basi. Alikaa kama aliyekalia makaa. Eutimia alikuwa anapukuchua mahindi.

"Wanasema nini, Mama?"

"Wanazungumzia bomba."

Muda ukapita.

"Na sasa?"

"Bado bomba."

Kisha jina la Fidencio likapaa hewani, wazi kabisa, na vidole vya bibi vikasimama.

"Mama, hilo si bomba."

"Wamemtaja. Anakataa, anawaeleza habari za kibali." Akasikiliza. "Wengine wanamzomea. Wengine wanasema aachwe, ana mtoto wa kusomesha."

Nereida akapiga magoti palepale penye maganda. Hakuwahi kumpigia magoti mtu yeyote, hata mama yake mwenyewe. "Wewe ni mjane, una haki ya kusema pale. Nenda ukamwombee. Wewe watakusikiliza. Nakusihi, Mama."

Eutimia akaweka gunzi chini. Akakung'uta sketi, akajitanda shali. "Haya. Nitasema," akasema, akaondoka akichechemea kwa goti lake bovu.

Walimsikia baadaye kidogo. Sauti yake ilikuwa nyembamba, wala haikulia wala kubembeleza. Alisema maneno machache akanyamaza, na ukumbi mzima ukanyamaza naye. Halafu vikaja vishindo, kelele, makofi.

"Wamemwachia!" Nereida akamkumbatia binti yake mpaka wakayumba. "Peleka mabegi garini, mwanangu, mbio!"

Fidencio akaja peke yake, macho mekundu. Mkononi alishika fimbo ya topili, anayokabidhiwa mwenye zamu.

"Walikuwa wameshaniachia," alisema. "Mwenyekiti alishaanza kutaja mtu mwingine. Ndipo Mama akasimama. Akasema, mwanangu ana safari, msimzuie, lakini zamu ya nyumba yetu isipotee. Nipeni mimi fimbo. Nitalala mlangoni pa ukumbi, nitapanda chemchemini. Ana miaka sabini na nane, Nere! Na goti lile! Tayari wanamkabidhi fimbo, watu wananitazama. Ningekaa kitini?"

Nereida alimpita kama anayepita mti. Eutimia alikuwa anapanda kilima polepole, mkono mmoja ukutani.

"Nilikutuma ukamwombee!"

"Nimemwombea. Uliza mtu yeyote."

"Ulijua ataichukua ile fimbo!"

"Nimemzaa. Nilijua."

"Kibali chake kitakufa! Huenda asirudi kwetu tena, unaelewa? Binti yake je? Mimi je?"

Bibi hakuyakwepa macho ya mkwewe.

"Wewe umekula naye, umelala naye, umezeeka naye miaka yote hii," alisema. "Mimi nimeomba mwaka mmoja, na sijui kama nitaumaliza."

Nereida alikuwa amelibeba tusi mdomoni tangu mlangoni. Akalimeza. Njia ilikuwa na utelezi, na bibi alikuwa anahema, kwa hiyo akamshika mkono wa pili, wakapanda pamoja, na moyoni alimchukia vilevile.