Neno Lililomzika Gatwech

Mara ya nne ndipo simu ya wodi ilipopokelewa. Nyariek alikuwa amesimama nje ya kibanda chake cha unga, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kidole kimoja kimeziba sikio kwa ajili ya kelele za jenereta ya jirani. Siku sita zilikuwa zimepita tangu kaka yake Gatwech, mwalimu wa Kiingereza hapo kambini, apelekwe hospitali Lodwar kupasuliwa tumbo. Na siku ya tatu hii simu yake haipatikani.

"Naulizia Gatwech Tut," alisema. "Wa kupasuliwa. Mimi dada yake."

Upepo ukavuma ndani ya simu, kisha ikaja sauti ya mwanamke: "Sori?"

"Gatwech. Gatwech Tut."

"Sori, mama. Sori sa..."

Simu ikakatika. Alipopiga tena, haikuingia.

Nyariek hakusoma Kiingereza, lakini neno hilo alilijua vizuri. Alilisikia mara ya kwanza Nadapal, walipovuka mpaka kuingia Kenya: ofisa alilitamka kwanza, ndipo akamwambia kwamba gari lililombeba mumewe halingefika. Alilisikia tena kliniki, siku ile mtoto wa jirani yake Adau alipofariki. Kwa Nyariek, sori lilikuwa neno wanalolisema watu wa ofisi wakiwa na maiti nyuma ya mlango.

Akaketi juu ya gunia. Adau alipotokea na kumuuliza kuna nini, alimjibu maneno mawili tu: "Wamesema sori." Adau alivua kitambaa chake kichwani, akaketi naye chini.

Kabla jua halijatua, akina mama wa kanisa walikuwa wamejaa uani. Nyariek alinyolewa nywele zote kwa wembe. Baba yake mdogo, mzee Kuany, akapiga simu Bentiu, kwao Sudan Kusini, kwa mama yao, bi Nyakim. Watu waliokuwa karibu naye walisikia yowe likitoka kwenye ile simu.

Asubuhi wakaenda ofisini kutafuta kibali cha kutoka kambini. Kwa kawaida kibali huchukua siku kadhaa. Ofisa alitazama kile kichwa kilichonyolewa, akagonga muhuri papo hapo.

"Sori, mama," alisema, akiinamisha macho.

Basi hata ile chembe ya tumaini aliyokuwa ameificha ikamtoka.

Walipanda gari la abiria, yeye na Kuany, shuka jipya jeupe la sanda likiwa mapajani mwake. Lodwar walikwenda moja kwa moja mochari, ambako walipokewa na mhudumu mzee, Esekon.

"Ejok," aliwasalimu kwa Kiturkana, kwa upole, akafungua daftari. Akapitisha kidole mara ya kwanza, akarudia. "Huyu hayuko hapa."

"Mmempeleka wapi?" Kuany aliuliza.

"Mzee, mtu sijampokea, nitampeleka wapi?"

Nyariek alikuwa amesikia habari za watu wanaozikwa na serikali bila jamaa zao kujua. Esekon alimshika mkono, akawaongoza hadi wodini mwenyewe. Kitanda walichoonyeshwa kilikuwa kitupu, kimetandikwa upya.

"Mnamtafuta mwalimu?" aliuliza mgonjwa wa kitanda cha pili. "Si yuko hapo nje, anakunywa uji."

Nyariek alimwona kabla hajaelewa anachokiona. Gatwech alikuwa ameketi kwenye benchi la veranda, amevaa gauni la hospitali, kikombe mkononi, amekonda. Aliinua uso. Akaona kichwa kisicho na unywele, akaona nguo nyeusi, akaona shuka. Kikombe kikamponyoka.

"Mama," alisema. "Mama amekufa lini?"

Nyariek alimsogelea akamshika sikio, akamshika shingo, akaweka kiganja kifuani pake na kukiacha hapo. Gatwech aliendelea kuuliza, lini, lini, machozi yakimtiririka.

"Mama yako mzima," Kuany alisema hatimaye. "Aliyekufa ni wewe."

Ilichukua muda mambo kunyooka. Nesi Akuwam aliitwa, na aliposikia habari ya simu ya jana alijishika mdomo.

"Ni mimi niliyepokea," alisema. "Sikukusikia, mama yangu. Nilikuwa nakuuliza umesema nini. Halafu nikataka kukwambia sori sana, network ni mbaya, piga baadaye."

Nyariek alimgeukia. "Kumbe ulikuwa unauliza?"

"Nilikuwa nauliza tu."

Gatwech aliegemea ukuta, ameshika mshono wake. Ualimu hata maradhi hayauondoi. "Zamani sana," alimwambia dadaye kwa lugha yao, "neno hilo lilitoka kwenye neno lao la kidonda. Mtu akilisema, alimaanisha: mimi naumwa. Wengi hudhani ni ndugu wa neno lao la huzuni kwa kuwa yanafanana, lakini hayana undugu. Baadaye likawa la kuomba radhi, likawa la kutoa pole, na siku hizi mtu asiposikia vizuri analitumia hilo hilo."

"Sisi tuna neno kwa kila maana," Nyariek alisema.

"Ndiyo. Wao wamezitia zote kwenye kibuyu kimoja."

Nyariek hakucheka. Gatwech aliomba simu ya Kuany, kwa kuwa yake ilikuwa imeisha chaji tangu siku tatu nyuma, akapiga Bentiu.

Bi Nyakim hakukubali. Alisema kuna mtu anaiba sauti za wafu. "Kama ni wewe, siku ulipotumbukia kisimani nilifanya nini?"

"Ulinichapa kabla hujanikausha."

Wote pale verandani walisikia mwanamke akilia mbali kabisa. Alipotulia, akasema jambo jingine kwa sauti ndogo. Gatwech alifumba macho.

Ng'ombe wake mweupe, wa mwisho katika kizazi cha yule ambaye baba yake alimpa siku ya kuwa mwanamume, alikuwa amechinjwa alfajiri hiyo kuwalisha waombolezaji.

"Ameliwa wote?" aliuliza.

"Wote, mwanangu. Watu walikuja wengi. Hata wa ng'ambo ya mto, tuliokosana nao, walikuja."

"Wa ng'ambo pia?" Gatwech alisema. "Kwa ajili yangu?"

Alirudi Kakuma siku ya Alhamisi. Baadhi ya akina mama waliomlilia hawakuthubutu kumpa mkono; walimsalimu wakiwa mlangoni, wakaondoka upesi. Adau ndiye aliyeingia. Alimtazama Gatwech, akatazama kichwa cha Nyariek, akaanza kulia upya, akimtaja mwanawe, na hakuna aliyemwambia anyamaze.