Wanawake Wanne na Mlango Mmoja

"Kikatwe kimoja," alisema mama mkwe, "mlango au huyu mwanamke. Sitaki ajigonge humu ndani kila akipita jikoni kwenda chooni. Nyumba nzima inatikisika."

"Mlango haukatwi," alisema mwanawe, seremala, ambaye ndiye aliyeutengeneza. "Hiyo ni mbao ngumu. Umekaa hapo tangu kabla hatujazaa, na haujawahi kumgonga mtu."

"Basi akatwe yeye."

"Si ndivyo ninavyosema tangu asubuhi?"

Mwanamke aliyekuwa akijadiliwa alikuwa amekaa sakafuni, magoti karibu na masikio, kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso. "Kwa ruhusa yenu," alisema, "ningependa kuchangia hoja tatu."

"Hakuna aliyekuuliza, wewe," mama mkwe alimjibu. "Hakuna marefu yasiyo na ncha, mwanangu, na ncha yako tutaiona leo."

Mke wa seremala alikuwa jikoni akiosha vikombe na aliyasikia yote. Mgeni yule mrefu alikuwa wake, pamoja na wengine watatu. Aliwaleta mwenyewe jana yake, Ijumaa jioni, kutoka kwa mpimaji wa akili. Vikombe vilikuwa vingi kuliko kawaida.

Yeye alikuwa mkataji katika kiwanda cha sare za wauguzi na wanafunzi, na kwa muda mrefu alikuwa akikaimu ukuu wa chumba cha kukatia. Kukaimu maana yake ni kufanya kazi yote ya mkubwa bila kukalia kiti chake. Meneja mpya alipokuja alisema kiti hicho hakitatolewa tena kwa kukisia. Kitapewa mtu aliyepimwa akili. Akachora mstari mwekundu kwenye ukuta wa ofisi yake, akasema anayefika hapo anafaa.

Mkataji alikitaka kiti kile. Heshima ni kitu kizuri, lakini pia miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, na katika chumba cha kukatia kiti kilikuwa kimoja tu. Kwa hiyo alienda akapimwa.

Mpimaji alikuwa mtu mpole mwenye saa ya kubonyeza. Alimuuliza maana za maneno, akampa vipande vya rangi avipange kwa mfano wa picha, akamtajia tarakimu azirudishe kinyumenyume. Mwisho akamwekea karatasi iliyojaa alama ndogondogo: tafuta inayofanana, ipigie mstari, endelea. Mkataji alitazama alama, akaitazama tena, ndipo akapiga mstari. Kiwandani kitambaa hutandikwa tabaka juu ya tabaka, na kisu hupita mara moja. Ukikosea mkono mmoja wa shati umekosea mikono ya shule nzima. Ndiyo maana chumba kizima cha kukatia kina desturi moja: unapima, unachora chaki, kisha unaipima chaki.

"Haraka kidogo, mama," mpimaji alisema.

"Haraka haraka haina baraka."

"Methali hiyo naijua. Saa yangu haiijui."

Majibu yalipokuwa tayari, yalikuwa yamekaa kwenye benchi nje ya mlango: wanawake wanne wenye sura yake na umri wake, wakitofautiana vimo. Mpimaji aliwatambulisha mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Bi Maneno, mrefu kama nguzo ya taa. Wa pili alikuwa Bi Maumbo, mrefu naye, lakini akiona mahali pa kuinama kabla ya kufika. Bi Kumbukumbu alikuwa na kimo cha watu wote, na midomo yake haikuacha kurudia kitu alichoambiwa mwisho. Wa nne alikuwa Kasi. Aliufikia mkanda wa mkataji, basi.

"Usiseme umefaulu wala umefeli," mpimaji alimwambia. "Huu si mtihani wa shule. Kila mmoja amesimama mahali pake ukimlinganisha na watu wa umri wako. Watu wengi wana wanne wanaokaribiana, na barabarani hakuna anayegeuka kuwatazama. Wako watatazamwa."

"Huyu mdogo ana ugonjwa?"

"Hapana. Ndivyo ulivyofanya kazi siku ile. Anayepima mara mbili hutumia muda mara mbili." Alimwangalia Kasi, ambaye alikuwa akifunga kamba ya kiatu, akiifungua, akiifunga tena. "Jambo jingine. Usishtuke vimo vyao vikicheza. Hakuna kipimo kinachokaa palepale. Asubuhi wanapungua vidole viwili, jioni wanaongezeka. Ukweli uko katikati, na hapo katikati penyewe hapasimami."

Kwenye ngazi alikuwepo wa tano, mwenye koti ambalo rangi yake mtu akigeuka hawezi kuitaja.

"Huyo ni Wastani," mpimaji alisema. "Yeye haendi nyumbani, anakwenda kwa mwajiri. Hawa wanne wangelingana, angewawakilisha vizuri tu. Walivyo sasa, hamwakilishi hata mmoja. Nimemwandikia meneja hivyo."

"Atasoma?"

"Nimeandika ukurasa wa kwanza," alisema mpimaji, kama mtu anayejua kuwa hata huo ni mbali.

Basi Jumamosi ile walishinda na wageni. Jirani alikuja kuazima sufuria, akawasalimia wote kwa kuwapa mkono, akamkalisha Bi Maneno chini ya dirisha amsaidie kupanga maneno ya kumwambia mumewe. Bi Maumbo alipanga upya kabati la jikoni, na sinia kubwa lililokuwa likikaa sakafuni miaka yote likapata mahali. Bi Kumbukumbu alitumwa dukani bila karatasi. Alienda akirudia chumvi, sabuni, viberiti, mafuta, mpaka mtu mmoja njiani alipomwuliza saa. Alirudi na chumvi, na saa kamili. Kasi alipewa maharage achague mawe. Aliyachagua, akayamwaga, akayachagua tena. Walikula jioni, lakini kwa mara ya kwanza mama mkwe alitafuna bila kusikiliza kama kuna jiwe.

"Huyu mtoto ana akili," alisema.

"Si mtoto, mama. Ana umri wangu."

"Basi ana akili ya umri wako. Yule mrefu ndiye sijamwelewa."

Yule mrefu alikuwa amejigonga tena.

Jumatatu mkataji alikwenda kazini na wote wanne. Kondakta aliwatazama, akaamua kuwa wawili wenye kulalia viti vya wenzao ndio wa kulaumiwa, akawaambia wasogee. Ofisini Wastani alikuwa ameshasimama ukutani chini ya mstari mwekundu, amenyoosha shingo, na meneja alikuwa amelaza rula juu ya kichwa chake.

"Amepungua kidole," meneja alisema.

"Ni asubuhi, bosi. Mpime jioni."

"Jioni nimefunga." Akaweka rula mezani. "Lakini kidole kimoja ningeweza kufumba jicho, mama, kwa sababu watu wanasema unajua kazi. Tatizo langu ni hawa." Aliwaonyesha wanne kwa kalamu. Bi Maneno alikuwa ameinamisha kichwa chini ya feni. "Nikiulizwa makao makuu mkuu wangu wa kukatia ni mtu wa namna gani, nitasema nini?"

"Sema anaona kitambaa kabla hakijakatwa, anajua kuwaeleza wenzake, na hakimbii."

"Hilo halina mahali pa kujaza."

"Mpimaji amekuandikia."

"Kaandika vizuri sana," meneja alisema, na bahasha ilikuwa mezani bado imefungwa, imewekewa kikombe juu. "Sikiliza. Mpunguze huyu mrefu, mwongezee huyu mfupi. Wewe ni mkataji, sikufundishi kazi. Waje kesho asubuhi wakiwa sawasawa, na kiti ni chako. Wasipokuwa sawasawa nampa mtunza stoo. Wanne wake ni kama matofali."

"Ukitoa huku ukaweka kule, bosi, jumla ni ileile."

"Ndiyo. Lakini itaonekana vizuri."

Mtunza stoo alikuwa mtu mwema. Aliwahi kumuuliza mkataji, kwa adabu kabisa, kwa nini kitambaa kina upande wa nyuma. Wanne wake walimsubiri kwenye kivuli cha ukuta, wamesimama kwa mstari, na mtu angeweza kulaza ubao vichwani mwao na kuuwekea glasi za maji.

Mkataji alikata siku nzima akiwa amesimama. Alasiri Wastani alipita mlangoni pa ofisi, akasimama chini ya mstari mwekundu bila kuitwa, na kichwa chake kilikuwa kimeuzidi kwa kidole. Meneja alikuwa ameshaondoka.

Nyumbani habari ilipokelewa kama habari njema.

"Kumbe ni kazi ndogo," mama mkwe alisema. "Sketi ikiburuta si unakunja pindo? Mezani, mwanangu. Kaa mezani ukatwe tule."

Seremala alitoa msumeno kwenye sanduku, akaupangusa. "Kiti ni kiti, mke wangu," alisema kwa upole. "Umekisubiri sana. Na nyumba itapata amani."

Bi Maneno alijilaza juu ya meza. Miguu ilining'inia upande mmoja na kichwa upande mwingine, Bi Maumbo akakisogezea stuli. "Sina kinyongo," alisema. "Naomba tu mwanzie miguuni. Kichwani kuna sentensi sijaimaliza."

"Inahusu nini?" aliuliza seremala.

"Mlango."

Mkataji alichukua chaki. Alikuwa amewahi kukata vitambaa vya kila aina. Alimpa Kasi ncha ya utepe wa kupimia, naye Kasi akaenda nayo hadi kwenye unyayo, akaibana kwa kidole gumba, akaangalia kama imekaa sawa, akaibandua, akaibana upya. Mkataji alichora mstari chini ya goti. Kisha, kwa desturi, wakapima chaki.

Mstari ulikuwa umehama.

"Umechora vibaya," mama mkwe alisema.

"Sijachora vibaya. Jioni wanaongezeka."

Akafuta, akachora tena. Kasi alirudi unyayoni na utepe wake. Seremala alihamisha msumeno kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Mama mkwe alikaa, akasimama, akaweka maji jikoni, akarudi. Bi Kumbukumbu aliishikilia namba ya kwanza kwa sauti mpaka maji yalipochemka, akaiacha. Kasi alipomaliza na kusema "tayari," ambalo lilikuwa neno lake la kwanza tangu Ijumaa, mstari ulikuwa tena mahali pengine.

"Kata tu popote," seremala alisema. "Atazoea."

Mkataji alisimama na chaki mkononi. Katika kazi yake hakuna aliyewahi kusema neno hilo akabaki na kazi. Aliweka chaki mfukoni, akaenda jikoni kunywa maji, na alipofika mlangoni akainamisha kichwa, akapita.

Akasimama upande wa pili. Akarudi. Akainamisha kichwa, akapita.

"Mlango huu uliupima kwa nani?" alimuuliza mumewe.

"Kwangu. Ningepima kwa nani?"

Wote sebuleni waliwatazama wawili hao, walivyosimama kila mmoja upande wake wa mlango. Seremala alikuwa akimfikia mkewe sikioni. Halikuwa jambo geni. Picha ya harusi ilikuwa ukutani na ilionyesha hivyohivyo, ingawa ndani yake bibi harusi alikuwa ameketi.

"Na mimi?"

"Hukusema."

"Hukuuliza."

"Sasa mtu atauliza kimo cha mtu na anamwona?" Seremala alifikiri kidogo. "Nilijua unainama kwa heshima."

"Sentensi yangu," Bi Maneno alisema kutoka mezani, "ilikuwa inaelekea hapo."

"Nyamaza, umeshinda," mama mkwe alimwambia.

Juu ya mlango, kutoka kwenye kizingiti cha juu hadi darini, palikuwa na ubao tu. Seremala aliuweka mwenyewe kuziba nafasi iliyobaki, na kila mwaka aliupaka rangi. Mkataji aliutazama. Alijua kesho asubuhi meneja angesubiri wanne walio sawasawa, asiwaone, na kabla ya chai mtunza stoo angekuwa amekalia kiti, akiwa na aibu kidogo, akimwita kila baada ya muda amwonyeshe upande wa nyuma. Bahasha ingebaki chini ya kikombe. Mstari mwekundu ungebaki ukutani. Na miguu yake ingeendelea kuvimba.

"Baba watoto, lete msumeno."

"Mke wangu, huo ni ubao mzuri."

"Lete. Na wewe shuka mezani, tunataka kula hapo."

Akapanda juu ya stuli. Kasi alishika utepe chini, Bi Maumbo akaonyesha kwa kidole mahali msumari ulipojificha, na Bi Maneno akasimama wima kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile, kichwa kikikaribia dari, ili apimwe. Mkataji alichora chaki. Akaipima chaki. Akaongeza vidole viwili kwa ajili ya jioni. Kisha akakata kizingiti, kipande chake cha kwanza cha mbao maishani, polepole, bila kupinda, mumewe akiushikilia ubao usianguke na kusema mara kwa mara kwamba angekata haraka zaidi.

Unga wa mbao ulidondoka kwenye vikombe vyote. Ubao ulishuka, ukaegemezwa ukutani.

Bi Maneno alipita akiongea. Bi Maumbo akapita, na Bi Kumbukumbu akapita akirudia vidole viwili, vidole viwili. Kasi akapita, akarudi kuhakikisha, akapita. Mkataji alishuka kwenye stuli, akajipangusa, akaelekea jikoni kuepua sufuria. Alipofika mlangoni akainamisha kichwa.

"We," mama mkwe alimwita. "Rudi."

Akarudi.

"Pita tena."

Akapita tena, wima.