Mfupa wa Besi ya Jerusha

Japheth, kiongozi wa bendi yetu ya kanisa hapa Homa Bay, alisema kongamano la Jumamosi litapigiwa besi na mmoja tu: mimi au Jerusha. Kwa miaka sita besi ilikuwa yangu, nyuzi nne, na hakuna aliyeuliza. Kisha Jerusha akahamia kutoka Migori na vidole vyake vya siafu waliomwagiwa maji.

Ubaya ni kwamba alinipenda. Aliniomba nimsindikize Migori kuchagua besi ya nyuzi tano, ya mtumba, isiyommaliza mfukoni. Dukani zilikuwa mbili. Moja ya kahawia, imechubuka, shingo ndefu. Nyingine nyekundu, inang'aa, shingo fupi. Nilijua vizuri kwamba uzi mnene wa tano hulegea kwenye shingo fupi. Hautoi sauti, unapigapiga tu kama kamba ya kuanikia nguo. Nikamwambia achukue nyekundu.

"Wewe ndiye fundi, nyamera," alisema, akalipa. Yeye Mkuria, ananiita dada kwa Kijaluo ili anifurahishe. Iliniudhi.

Alhamisi aliileta kwangu. Uzi mnene ulibwabwaja. Niliinua daraja linaloshikilia nyuzi, nikakaza chuma cha ndani ya shingo, nikajifanya kutokwa jasho, huku moyo wangu ukicheza. Nikamwambia pengine itabidi avumilie.

Jerusha aliitazama kidogo. "Basi tuutoe. Tusogeze hizi nne, na huku chini tuweke uzi mwembamba. Mimi raha yangu iko kwenye sauti za juu."

Uzi wa nne wa gitaa la kawaida ungefaa, na shingo ile fupi ingeubeba bila kuukata. Nilikuwa nimemchagulia besi yake hasa.

Kilichobaki ni mfupa, ule mdogo wa mwisho wa shingo ambao nyuzi hulala katika mifereji yake. Wa zamani haungefaa tena. Mimi huchonga kwa muundi wa ng'ombe wa buchani: nachemsha, naanika, nakata mifereji kwa tupa nyembamba. Minne niliikata sawasawa. Kwa wa tano nilisita. Nikizidisha mkwaruzo mmoja tu, uzi ungegusa vyuma vya juu ya shingo na kulia kama nzi ndani ya chupa, na Jumamosi ingerudi kwangu. Jerusha alikuwa jikoni mwangu, anakaanga omena, anaimba.

Tupa haikushuka. Si kwa wema. Wema sikuwa nao siku ile. Mifupa yangu imo kwenye magitaa ya makanisa mengi ya ufuo huu, na hakuna hata mmoja unaolia vibaya. Besi alikuwa anainyakua. Jina langu la ufundi sikutaka alichukue nalo.

Japheth alimchagua Jerusha, na Jumamosi akapiga. Nyimbo zilipopanda, ule uzi mwembamba uliimba kama nyatiti, kinubi cha Wajaluo, akina mama wakarusha leso hewani. Nilikaa safu ya nyuma, nikiusubiri mlio wa nzi. Niliusubiri hadi amina ya mwisho. Haukuja.