Mnazi wa Kitovu cha Chirau

Kanze alijua mnazi ule ni wa nani. Asije mtu hapa akamtetea. Alikuwa msichana wa miaka saba siku mama yao, Mwanapili, alipozika kitovu cha mtoto mchanga, Chirau, nyuma ya nyumba kule Msambweni, akapanda mche wa mnazi juu yake kama ilivyo ada. Kanze ndiye aliyeumwagilia maji kwa kata kila asubuhi mpaka ukashika. Wakakua pamoja, mtoto na mti. Ukubwani Chirau akawa mgema, akawagemea watu minazi yao, lakini wake hakuutia kisu hata siku moja.

Sasa ona mapenzi yanavyomtia mtu wazimu. Kanze alikuwa akihudumia mvinyo katika hoteli moja ya Galu, na huko ndiko alikoharibikia. Alionjeshwa mvinyo mweupe wa Chenin, akaonjeshwa mwekundu wa Shiraz, mpaka akawa kwa kunusa tu anakwambia huu wa Afrika Kusini, huu wa Ufaransa. Likizo ikifika wenziwe walikwenda harusini. Yeye alifunga safari hadi Dodoma kutazama mashamba ya mizabibu! Akarudi na vipando vya zabibu nyekundu ndani ya gunia bichi, akavijengea chanja nyuma ya nyumba. Majirani wakanong'ona: mtoto wa Kiislamu na mvinyo? Chirau ndiye aliyewafunga midomo.

"Tembo langu mnalinywa kwa siri," aliwaambia, "zabibu za dada yangu zimewakosea nini?"

Mizabibu ikakubali, isipokuwa safu moja. Hiyo ilikaa kivulini mwa mnazi wa Chirau, na matunda yake yakashika ukungu, yakawa machachu ya kukunja uso. Kanze akauchukia mti ule kama mtu anavyomchukia mke mwenza. Chirau alipokwenda Shimoni kutengeneza mashua, Kanze akamwita fundi wa msumeno wa mashine. Mwanapili akatoka ndani akipiga mayowe.

"Kanze, huo ni nduguyo!"

Kanze akamsukuma. Naam, alimsukuma mama yake mzazi, bibi wa watu akaanguka na kuchunika viwiko. Mnazi ukalala chini kwa kishindo.

Chirau alirudi Ijumaa mchana. Alikiona kisiki, akaviona viwiko vya mama yake vimefungwa matambara, akachomoa kotama, kile kisu chake cha kugemea, akaingia chanjani. Mgema anajua kwamba mnazi ukiukata kilele umeuua. Basi akakata vilele vya mizabibu, kimoja baada ya kingine, kama anayechinja, huku analia, makamasi yanamtiririka.

Kanze alikuja mbio na mkasi wa kupogolea, akamchoma nao begani. Damu ikaruka. Chirau akamkamata nywele, akambamiza kwenye nguzo ya chanja. Wakapigana, wakaumana, watoto wa tumbo moja. Mwanapili aliwaomba kwa maziwa aliyowanyonyesha, wasimsikie.

Kisha Kanze akazitazama safu zake, na shetani akamtia kicheko. Alicheka na damu mdomoni.

"Mjinga wewe! Mzabibu hukatwa ili uzae. Umenipogolea shamba zima bure!"

Chirau akamwachia. Alimtazama dada yake, akakitazama kisiki.

"Yako itachipua," alisema. "Na wangu je?"

Laiti Kanze angenyamaza! Lakini ulimi ule uliozoea kuonja ulikuwa na makali yake.

"Wako ni kuni."

Mkono wa kulia wa Kanze ulikuwa umeshika nguzo. Kotama ikashuka. Vidole vinne vikaanguka kwenye majani, na Kanze akavitazama kabla hajasikia maumivu. Chirau akakitupa kisu, akararua shati lake, akamfunga dada yake mkono. Kisha akakaa juu ya kisiki kungoja polisi.

Chirau alifungwa jela. Mizabibu ikachipua kama Kanze alivyosema, ikazaa kuliko wakati wowote. Akaivuna kwa mkono wa kushoto, akazikamua zabibu, na mvinyo ulipokuwa tayari akautia kwenye bilauri, akaunusa. Ulikuwa mzuri kuliko wowote aliopata kuonja hotelini, na hilo ndilo lililomuuma roho. Akaumwaga wote mchangani.

Vile vidole Mwanapili hakuvitupa. Kiungo cha mtu huzikwa, naye alivizika kando ya kisiki, pale pale penye kitovu cha Chirau, akapanda mche wa mnazi juu yake. Hakumwambia mtu neno. Mche umeshika, na ukikua utaitia kivulini ile safu tena, pengine na ya pili yake. Kanze anajua. Kila asubuhi huchota maji kwa kata, kwa mkono wa kushoto, akaenda kuumwagilia.