Kidole Kimoja Nje ya Duara

Mama alianzia nje ya duara, upana wa kidole kimoja kutoka ule ukingo mwekundu, kisha akaingia ndani polepole akizungusha, mpaka krimu yote ikapotelea kwenye ngozi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na begi la shule begani, roho ikiniuma. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na sijawahi kuchukia kitu kama nilivyouchukia ule mgongo.

Mgongo wenyewe ulikuwa wa binti wa mama mdogo. Mama mdogo alipofariki, binti yake aliletwa kwetu na sanduku la bati, sare mbili za shule ya bweni na choa tatu za mviringo katikati ya mabega. Tulikuwa rika moja. Mimi ndiye niliyempa jina la Mgeni, ili ajue kwamba wageni huondoka. Jina lilimganda mpaka leo, na kuondoka hakuondoka.

Mama alifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini. Alirudi jioni vidole vimepasuka kwa sabuni, na hakupenda kushika mtu wala kushikwa. Sikuwahi kulalamika. Sikuugua, sikufeli, sikuvunja vyombo. "Huyu hana shida," aliwaambia majirani, akinisifu, nami nilijivuna. Ilibidi aje Mgeni ndipo nione kwamba asiye na shida hapapaswi na mtu.

Mwenye duka la dawa alikuwa amempa mama masharti, na mama aliyashika kama anaapa. Aoge, akaushwe vizuri, apakwe asubuhi na jioni, na krimu ivuke ukingo wa duara. Taulo lake lisichangiwe. Basi Mgeni akanunuliwa taulo la kijani, jipya, likawa na msumari wake peke yake ukutani nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa natumia taulo lililotoboka.

Mchana mmoja wa wiki ile ya kwanza nilirudi shuleni nikalikuta taulo la Mgeni bado bichi. Nikalichukua. Nilivua shati palepale nyuma ya nyumba, nikalishika taulo kwa ncha mbili na kujisugua mgongo, juu na chini, mpaka ngozi ikawaka. Nilichagua mgongo kwa makusudi, kwa sababu mkono wangu haufiki huko. Watoto wengine huiba sukari. Mimi niliiba fangasi.

Kisha nikangoja. Kila siku nilijipinda mbele ya kioo kama kuku anayetafuta utitiri, na kila siku ngozi ilikuwa safi. Choa za Mgeni, kwa upande mwingine, zilianza kufifia, na baada ya wiki mbili zikawa hazionekani. Mama akaendelea kumpaka.

"Mama, si amepona huyu?"

"Kapona juu. Tumeambiwa wiki mbili zaidi, la sivyo inarudi."

"Basi ajipake mwenyewe."

"Mgongoni? Kwani ana mikono ya mpira?"

Mgeni akacheka. Na mama, ambaye tangu msiba wa mdogo wake hakuwa ametoa hata tabasamu, akacheka naye. Nilitoka nje nikapiga ndoo teke, kidole gumba kikavimba. Hicho hakikuniletea krimu yoyote.

Siku chache baadaye mgongo ukaanza kuwasha. Muwasho ule niliupokea kwa furaha ambayo naona haya kuieleza. Asubuhi yake nilikwenda jikoni, nikamgeuzia mama mgongo na kupandisha shati bila kusema kitu. Mgeni alikuwa hapo anakunywa chai.

Mama aliinama kuitazama alama. "Na taulo zenu si mbalimbali? Hii imefikaje huku?"

Nilikuwa nimepanga kila kitu, ila sikuwa nimepanga swali hilo.

"Ni mimi, mama mkubwa," Mgeni akasema. "Nilijifutia taulo lake. Nilisahau."

"Basi utafua taulo zote za nyumba hii mwezi mzima, na kuzichemsha," mama akasema. Kisha akaniambia nikae kwenye kigoda.

Nikakaa. Mikono ya mama ilikuwa inakwaruza, na ilikuwa na joto. Alianzia mbali, akaingia ndani taratibu, na nilipofumba macho nilimsikia akipumua kwa pua, karibu na sikio langu. Kupitia dirisha nilimwona Mgeni akikamua taulo. Sikusema neno la kumwokoa. Tulipaka mpaka alama ikaisha, tukapaka wiki mbili za masharti, kisha mama akapaka na wiki ya tatu ambayo hakuna aliyeiagiza.

Mwaka jana tulikaa mimi na Mgeni chumbani kwa mama, wiki moja baada ya kumzika, tukikunja nguo zake. Nilikuwa nimeliweka neno la shukrani moyoni miaka thelathini. Nikamwambia asante, kwa ile ya taulo.

Mgeni aliendelea kukunja. "Hiyo usinishukuru mimi. Siku ile mama mkubwa alirudi mapema kutoka kazini, akakuona kupitia dirishani, umeshavua shati. Alichelewa kukuzuia."

"Akakwambia?"

"Aliniambia siku utakayomwonyesha, niseme ni mimi. Alisema wewe hujui kuomba. Kwa hiyo mimi nibebe aibu, yeye akupake."

Najua nilichopaswa kuhisi. Nilipaswa kulia kwa shukrani, na machozi yalikuja kweli, Mgeni akanishika bega akidhani anayafahamu. Lakini mimi nilikuwa nawaona wao wawili, mama yangu na yeye, wameinamiana mahali fulani ndani ya nyumba yetu wakinong'onezana juu yangu. Mama hakuwahi kuninong'oneza mimi jambo lolote. Nikiwa mtu mzima mwenye watoto watatu, na mama yuko kaburini, nilimwonea Mgeni wivu upya.